Aliyekubali Bei ya Kwanza

Tangu saa mbili asubuhi Nasma alikuwa amekunja pazia lile lile mara sita. Alikunja, akakunjua, akalinusa kana kwamba kuna jibu ndani yake, akalikunja tena. Mtihani ulikuwa saa nane mchana, Upanga, na miguu yake ilishaanza safari zamani. Yeye tu ndiye aliyebaki kibandani.

"Wewe mtoto, kaa," alisema mama yake, Bi Kuruthumu, aliyeuza mapazia Kariakoo tangu watu wa Bongo hawajajua kwamba dirisha nalo huvalishwa. "Unanipeperushia bidhaa. Wateja watadhani nauza feni."

Idrisa, muuza viatu wa meza ya jirani, hakuacha nafasi ipite. "Mwache Profesa, Bi Kuru. Ung'eng'e unamtokea miguuni."

Nasma hakucheka. Alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, anasomea Kiingereza, na idara yao ilikuwa na sheria moja isiyo na huruma: kabla ya kuingia mwaka wa tatu, kila anayesomea lugha apite mtihani mkubwa wa Kiingereza, sehemu nne. Kusoma alipita. Kuandika alipita. Kusikiliza alipita kwa maksi za kutamba, maana mtu aliyekulia kati ya spika za Mtaa wa Kongo, zote zikipiga kelele kwa mpigo, hashindwi kumsikia Mwingereza mmoja anayeongea peke yake. Kilichomwangusha ni kuzungumza. Majaribio ni mawili tu, na la kwanza lilishaharibika. Akianguka na leo anahamishiwa kozi nyingine, na miaka miwili ya kulalia kamusi inageuka hadithi ya kuwachekesha akina Idrisa.

"Hebu niambie," Bi Kuruthumu alisema, kipande cha muhogo mkononi. "Mara ile ulishindwa nini? Maneno yalikuishia?"

"Hapana. Wanatukalisha wawili wawili. Tunapewa jambo, tujadiliane mpaka tuafikiane. Mwenzangu akasema lake, nikamwambia nakubali."

"Halafu?"

"Akasema la pili. Nikakubali."

"Halafu?"

"Basi. Tukamaliza kabla ya muda. Mwalimu akaandika kwamba sikuonyesha uwezo wa kujadiliana."

Bi Kuruthumu aliuweka muhogo chini. Alimtazama bintiye kama mtu aliyeambiwa kazaa mwizi. "Idrisa! Umesikia? Mtoto niliyemlea kwenye kibanda hiki hiki amekubali bei ya kwanza!"

"Mungu amsitiri," Idrisa alisema, mkono kifuani.

"Mama, siyo bei, ni..."

"Ni bei! Mtu akikupa neno lake amekupa bei. Ulishike, uligeuze, utafute uzi uliofumuka. Uliza kama linachuja. Akikaza, chukua mkoba uondoke. Mwenyewe atakuita."

Nasma alikwenda kwa miguu. Alivuka barabara kubwa midomo ikimcheza, akijadiliana na hewa. Bajaji ilimpigia honi. Akaomba radhi kwa Kiingereza cha kiwango cha juu. Dereva akamjibu kwa Kiswahili cha kiwango cha chini.

Msahihishaji alikuwa Dakta Leticia, mama mtu mzima mwenye miwani ya mnyororo na kengele ndogo mezani. Nasma alimwamkia kwa Kiingereza, na goti likapinda lenyewe kwa aibu ya kumnyima mkubwa shikamoo. Mwenzake wa leo alikuwa Anselmi, kijana wa ukoo wa Kilimanjaro ambao duka lao la jumla la ndoo na mabeseni, Mtaa wa Narung'ombe, kila mtu wa Kariakoo analijua.

"Dakika sita," Dakta alisema. "Chuo kinataka kujenga kitu kimoja: maktaba, kantini, bustani au kiwanja cha mpira. Afikianeni. Anayetoka mlangoni, mtihani wake umekwisha."

Yaliyofuata yalisemwa kwa Kiingereza. Yanashushwa hapa kwa Kiswahili tusije tukadaiana kamusi.

"Kijenge maktaba," Anselmi alianza, kifua mbele, kwa sauti iliyokwishafanyiwa mazoezi mbele ya kioo. "Maktaba ni moyo wa chuo."

Neno "nakubali" lilimpanda Nasma mpaka kwenye meno. Akalimeza. Akamwona mama yake na muhogo.

"Moyo wa ukubwa gani?"

"Samahani?"

"Wanaingia watu wangapi? Umeme ukikatika, vitabu tunavisoma kwa kupapasa? Na ikinyesha mvua kama ile inayojaza Jangwani, rafu za chini si zitaogelea?"

Anselmi alipepesa macho. Swali hilo kioo hakikuwahi kumwuliza. "Ina ghorofa mbili," alisema. "Na jenereta."

"Jenereta haikuwepo mwanzo."

"Sasa ipo."

"Mimi nataka kantini. Mwenye njaa hasomi, anatazama picha tu."

"Kantini ni kelele."

"Kelele hazijawahi kumuua mtu."

Kalamu ya Dakta Leticia ilikuwa inakimbia.

"Maktaba," Anselmi alisema. "Sishuki hapo."

Sishuki! Damu ya kibandani ikachemka. Kabla akili haijashauriwa, Nasma alikuwa amebeba mkoba, amesukuma kiti na ameanza kuondoka, polepole kama inavyotakiwa, sikio moja kaliacha nyuma. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, ambapo mwenye duka yeyote mwenye akili zake huita: njoo basi, dada, njoo tuongee.

Hakuitwa.

Aliiba jicho. Anselmi amekunja mikono, katulia kama gunia la chumvi. Ndipo Nasma akakumbuka ndoo za Narung'ombe. Huyu mtu wa jumla! Watu wa jumla hawaiti mteja. Ukiondoka, umeondoka, nyuma yako yupo mwenye lori.

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. Kalamu ya Dakta ilisimama hewani. Akitoka, kwisha. Akirudi kimya, amenunua kwa bei ya mwenyewe, amekubali tena, yale yale ya mwanzo. Feni ya dari ililia kii, kii. Jasho likamshuka mgongoni, nalo halikuwa na haraka.

Sasa mtu wa jumla husikia nini? Husikia idadi.

"Na nikichukua viwili?" aliuliza, uso bado mlangoni.

Nyuma yake kiti kikalia. "Viwili vipi?"

Nasma akageuka. Mikono ya Anselmi ilishafunguka, na macho yameshaanza kupiga hesabu bila ruhusa yake.

"Jengo moja. Chini kantini, juu maktaba. Msingi mmoja, paa moja, jenereta yako moja."

"Hakuna kupandisha chipsi juu."

"Tunaweka mlinzi kwenye ngazi."

"Nani anamlipa?"

"Kantini!"

Dakta Leticia akakohoa. "Karatasi inasema kimoja."

"Ni kimoja," walijibu kwa pamoja, kwa hasira ya watu wanaoharibiwa biashara. Kengele ililia wakigombania vyoo vikae upande gani.

Nje, Anselmi alirudi kwenye Kiswahili. "Ungetoka kweli?"

"Ungeniita?"

"Sisi hatuiti."

"Na sisi hatugeuki. Usimwambie mama."

Siku kumi zilizofuata Nasma alikunja mapazia mpaka yakaota mistari. Simu aliifungua, akaifunga, akaifungua. Siku ya kumi na moja, mteja akiwa ameshika pazia la zambarau, matokeo yakatoka. Kufaulu ni sabini. Nasma alisoma mara tatu, pamoja na maelezo ya chini: *Mtahiniwa alisimama bila ruhusa, maksi tano zimekatwa.*

"Nimefaulu! Sabini na tatu!"

Idrisa alipiga makofi kwa viatu viwili vya mguu mmoja. Bi Kuruthumu alipiga kigelegele kilichomfanya mteja aachie pazia, akamkumbatia bintiye mpaka pumzi ikampungua. Kisha akamshika mabega, akamsogeza nyuma kidogo amwone vizuri.

"Walianzia ngapi?"

"Mia."

"Mia." Bi Kuruthumu akashika kiuno. "Wamekutoa mia mpaka sabini na tatu, na wewe ukapokea hivyo hivyo?"

"Mama, nimefaulu!"

"Nimesikia. Chukua mkoba wako, twende Upanga."