Mizunguko Kumi na Miwili

Mama mmoja nisiyemfahamu aliingia kituoni kwetu Masasi saa mbili asubuhi, vumbi jekundu likiwa bado kwenye pindo la kanga yake. Hakukaa kwenye benchi nililomwonyesha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Namtafuta binti wa zimamoto aliyekuja Newala Jumanne kupima lile bomba jekundu pale ghalani."

"Ni mimi, mama. Naitwa Mabel."

Alinitazama kuanzia kofia mpaka buti. "Ulizungusha mara mbili," alisema. "Yule bwana aliyekuja kabla yako alizungusha mara kumi na mbili. Nimewahesabu wote wawili."

Nilifunga faili lililokuwa mbele yangu.

Nilikuwa na miezi kumi na moja kazini tangu nimalize chuo. Kazi niliyopewa ilikuwa kupima haidranti, yale mabomba mafupi ya pembeni mwa barabara ambayo gari la zimamoto huchukulia maji moto unapowaka. Unafunga geji ya kupimia msukumo kwenye mdomo mmoja, unafungua mdomo wa pili kwa ufunguo mpaka mwisho, mizunguko kumi na miwili, unayaacha maji yatoke kwa nguvu zake zote, kisha unasoma geji wakati yanatoka. Maji yaliyosimama huonyesha msukumo mzuri hata kama njia yake imebanwa. Hali ya bomba hujulikana maji yakitembea.

Hayo nilifundishwa, nikayafaulu kwenye mtihani.

Lakini Jumanne ile, Newala, ilikuwa siku ya mgao wa maji. Foleni ya ndoo ilianzia kioskini ikakunja kona ya ghala la korosho. Maji ya kule juu hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni, na kuna wazee wanaokumbuka kuyafuata kwa miguu tangu alfajiri. Nilipogusa ufunguo tu, kelele zikaanza. "We binti wa bondeni! Kwenu mna mito, sisi unatumwagia ndoo zetu?" Kwetu ni Lupaso, na hakuna mto wa kujivunia, lakini aibu ilinishika. Nilizungusha mara mbili, maji yakachuruzika kidogo, geji ikasimama kwenye nne, msukumo mzuri, nikafunga. Kwenye fomu nikaandika: *Linafaa.* Nikaweka sahihi. Njia nzima ya kurudi nilijiona nimewatendea watu wema.

"Aliyepiga kelele kuliko wote ni mimi," yule mama alisema, na sasa akakaa. "Mama Rahima, muuza maji wa kioski. Sikujua kilichokuleta. Jana wameanza kuingiza magunia, na ukuta wa ghala ndio ukuta wa chumba changu. Binti yangu Rahima na mwanawe wanalala humo. Halafu nikakumbuka: tangu lori lilipopanda mfuniko wa koki ya bomba la maji pale barabarani, mwezi wa nane, ndoo yangu inajaa taratibu kama inachukia. Nikajiuliza, bomba jekundu nalo je?"

Kila mtu wa huku anajua ganda la korosho lina mafuta. Likishika moto, halisubiri.

"Huenda lina maji ya kutosha, mama."

"Huenda." Alilirudia neno hilo polepole. "Basi niahidi. Kesho uje uzungushe zote kumi na mbili, mbele yetu. Na kama halina kitu, uandike palepale kwa wino. Usiseme utaandika ofisini."

"Nakuahidi," nilisema, kabla sijafikiria nitamwambia nini mkuu wangu.

Afande Fortunatus alinisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye mafaili yake.

"Mabel, mwanangu. Barua yako ya kuthibitishwa kazini inakwenda mkoani Jumatatu. Unataka iambatane na karatasi inayosema ulitia sahihi kipimo ambacho hukupima?"

"Ndivyo ilivyokuwa, afande."

"Zamu ijayo ya kupima ni baada ya miezi mitatu. Utalipima vizuri, utaandika limeharibika, basi. Nani atakuuliza?"

"Msimu wa korosho utakuwa umekwisha, afande. Na nimeahidi."

Alivua miwani. "Vifaa chukua. Gari sina. Na ukiandika, sitaweza kuificha."

Sikupata usingizi mzuri. Asubuhi nilipanda basi la kwanza, nimepakata geji na ufunguo, mpira wa maji nimeuweka miguuni. Kila moshi wa shamba niliouona ng'ambo ya dirisha nilidhani unatoka Newala. Basi lilipofika, nilitazama kwanza paa la ghala. Lilikuwepo.

Mama Rahima alikuwa ameita mtaa mzima. Ndoo, madiaba, mapipa, hata beseni la kuogeshea mtoto, vyote vilipangwa kuanzia kwenye haidranti mpaka mlangoni kwake.

"Leo halimwagiki hata tone," alitangaza.

"Na likimwagika?" aliuliza Rukaiya, jirani yake, mikono kiunoni.

"Utalilamba wewe, si una ulimi mrefu!"

Wakacheka. Mimi sikuweza. Nilifunga geji, nikaunga mpira, nikamkabidhi Rukaiya ncha ya mpira. "Shika kwa mikono miwili, dada. Bomba likiwa zima litakuvuta."

Nikaanza kuzungusha, na foleni ikahesabu nami. Moja. Mbili. Sindano ilikuwa kwenye nne, palepale pa Jumanne, na moyo wangu ukatamani kuishia hapo. Tatu. Nne. Sindano ikateleza hadi mbili. Kwenye saba, ikafika moja. Sauti za kuhesabu zilianza kupungua. Tulipofika kumi na mbili, nilikuwa nahesabu na Mama Rahima peke yake, na sindano imelala karibu na sifuri.

Rukaiya alikuwa bado ameukumbatia mpira kwa mikono miwili, miguu ameipanua, akisubiri kuvutwa. Maji yalitoka kama ya kioski, yakiingia kwenye beseni kwa upole.

"Ndilo hilo?" aliuliza.

Tulijaza vyombo vyote. Ilichukua muda mrefu mno. Niliwaeleza kwamba koki ya chini ya ule mfuniko huenda imebanwa, kwamba fundi lazima aitwe leo, na kwamba mpaka itengenezwe gari letu litachukua maji kwenye haidranti ya stendi, ambayo niliipima mpaka mwisho. Nilimtafuta fundi kwa simu. Akasema yuko Chilangala, atafika jioni. Mwenye ghala akakubali kutopokea magunia mengine mpaka afike.

Kisha nikatoa fomu. Simu ikaita: Afande Fortunatus. Niliiacha iite mpaka ikanyamaza.

Upepo ulikuwa unaipeperusha karatasi. Mama Rahima aliikandamiza kwenye kifuniko cha haidranti kwa kiganja chake kilicholowa, kikaacha alama pembeni.

Niliandika: *Halifai. Kipimo cha Jumanne hakikufanywa kikamilifu. Kosa ni langu.* Nikaweka jina lote, namba ya kazi, na tarehe.

"Nisomee," alisema.

Nikamsomea. Simu ikaita tena, na safari hii nikaipokea.

"Mabel. Umeandika?"

"Nimeandika, afande."

"Kwa penseli?"

Nilimtazama Mama Rahima. Alikuwa akipuliza karatasi, wino ukauke.

"Kwa wino, afande."