Namba Ishirini na Nne Yuko Kizimbani

Jumamosi ya tatu ya Novemba, saa nane na dakika kumi mchana, Lavonne Hrynkiw alifungua mlango wa kizimba cha adhabu, kando ya uwanja wa hoki ya barafuni, ili amwingize Dwayne, muuza mbolea, aliyekuwa amempiga mpinzani ngwara kwa gongo. Ndani akamkuta mumewe ameketi. Alikuwa amevaa jezi yake ya kale, namba ishirini na nne, na taulo shingoni. Walimzika Julai.

"Ory, sogea kidogo," Lavonne alimwambia.

Orest akasogea. Dwayne akaketi, akapangusa jasho.

"Vipi, Ory?"

"Nipo tu."

"Umeona refa alivyo kipofu lakini? Sikumgusa yule!"

Dakika zake mbili zilipokwisha, Dwayne alirudi barafuni mbio. Orest akabaki.

Tarnow ni mji wa watu mia sita, katikati ya mashamba ya ngano ya Saskatchewan, na uwanja wake wa hoki una paa la bati linalolia upepo ukivuma. Kazi ya mlango wa kizimba haina mshahara. Lavonne alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa: anavuta komeo, anaangalia saa, anaandika jina la mchezaji na kosa lake. Siku hiyo alipekua karatasi yake yote asione kosa la namba ishirini na nne. Lakini kwenye ubao wa matokeo namba hiyo iliwaka, na mbele yake dakika tano ambazo hazikupungua.

Mchezo ulipokwisha alimwambia, "Twende nyumbani. Kuna pirogi za viazi, nimezikaanga na vitunguu."

"Siwezi. Sijamaliza muda wangu."

Lavonne alilia ndani ya gari. Hakulia kwa woga. Tangu Julai alikuwa akipika pirogi za watu wawili, na sasa yule wa pili alikuwa umbali wa barabara tatu, na haji.

Orest alicheza ligi kuu misimu kumi na moja. Alifunga mabao manne, na mtu yeyote wa Tarnow atakusimulia yote manne mpaka kahawa yako ipoe. Ngumi alipigana mara mia mbili na kumi na mbili. Hakuwa mgomvi hata kidogo. Panya akinaswa jikoni, Lavonne ndiye aliyekwenda kumtoa. Ila katika hoki mwenye mwili mkubwa ana kazi yake. Nyota wa timu akichezewa rafu, lile jitu linashushwa barafuni, linavua glavu, linalipa kisasi, kisha linakwenda kuketi kizimbani dakika tano. Miaka yake ya mwisho Orest alikula chakula cha jioni amevaa miwani ya jua, akaweka funguo kwenye friji, akamwita mkewe kwa jina la mama yake. Madaktari walipouchunguza ubongo wake baada ya kifo, waliandika kurasa sita juu ya madhara ya zile ngumi. Klabu ilijibu kwa mistari mitatu na shada la maua.

Mji ulimzoea upesi. Wachezaji walioadhibiwa wakawa wanakuja na vikombe viwili vya kahawa. Mabinti wa kucheza dansi barafuni walilalamika mara moja tu, kwamba sasa hawana pa kuweka makoti. Krismasi ikapita. Lavonne alimpelekea blanketi, akakaa upande wa pili wa kioo cha kizimba akimtazama, na alichotaka kilikuwa kimoja: mumewe atoke mle, akapumzike.

Januari alimwendea Bwana Ashdown, mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye refa. Ashdown alivaa miwani, akafungua kitabu cha sheria kwenye ukurasa ambao hakukumbuka kuuona kabla.

"Hii si adhabu yake, Lavonne. Ni adhabu ya benchi. Kocha akikosa, haketi yeye. Huchagua mchezaji akamketie."

"Hilo nalijua. Itakwisha lini?"

"Saa haitakwenda mpaka kosa liandikwe. Na imeandikwa hapa kwamba kosa hilo sharti kocha alitaje kwa kinywa chake."

Kocha alikuwa Vern Haskett, aliyemchukua Orest akiwa na miaka kumi na sita na kumpeleka mpaka ligi kuu. Sasa alikuwa na miaka themanini na mitatu, na mtaa wake ni ule wa nyuma ya kanisa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huu Vern hakuwahi hata kuuona. Februari uwanja ungepewa jina lake. Lavonne alikwenda kwake na karatasi na penseli.

"Vern, sema neno moja tu, niandike."

"Niseme nini, binti yangu? Sijawahi kumwambia apigane. Waulize wote."

"Ulikuwa unamgusa bega, naye anashuka barafuni."

"Tangu lini kumgusa mtu bega ni kosa?" Vern alicheka, akammiminia kahawa. "Nilimpenda kama mwanangu, Lavonne."

Na ni kweli alimpenda. Hilo ndilo lililomchoma Lavonne, maana Vern angekuwa mwongo, yeye angejua la kumfanya.

"Basi njoo umwambie mwenyewe."

"Jumapili, si nitakuwepo kwenye sherehe?"

Jumapili waliweka zulia jekundu juu ya barafu, na meza yenye keki. Vern alipita polepole, mji mzima umesimama. Mlango wa kizimba ulikuwa wazi. Lavonne alikuwa ameufungua mapema, penseli mkononi. Vern akasimama. Machozi yakamlengalenga.

"Ory, mwanangu," alisema, na kwa mapenzi yake yote akamgusa bega kwa vidole viwili.

Orest akainuka. Akateleza kwa viatu vyake vya barafuni mpaka katikati ya uwanja, akaziacha glavu zikaanguka, akakunja mikono ya jezi na kuinua ngumi. Mpinzani hakuwepo. Akamngoja. Watu wakapiga makofi, na wachezaji wakagonga magongo yao ukutani kama desturi ilivyo. Hakuna aliyepiga makofi kumshinda Vern.

Bwana Ashdown aliacha makofi yaishe, kisha akapuliza filimbi na kuonyesha kizimba. Kwenye ubao zile dakika tano zikawa kumi.

Orest alirudi, akaketi, akawa anahema bila mvuke kumtoka kinywani.

"Nimefanya vizuri?" aliuliza.

Hakuwa akimuuliza mkewe. Alikuwa anampita kwa macho, akitazama kwenye zulia. Lavonne alingoja Vern ageuke, lakini Vern alikuwa anakata keki.

"Vizuri sana, Ory," Lavonne alimjibu, kisha akashuka barafuni na viatu vyake vya kawaida kwenda kumwokotea glavu.