Taa ya Kabichi

Usiku wa jana niliota ni Jumatano tena, ile tarehe kumi na mbili Juni waliposimika taa, siku mambo yangu yote yalipoharibika.

Taa ni ya kumulika kabichi. Kabichi ya saruji, kubwa kuliko banda la kuku, waliijenga pale njiapanda ili mkubwa mmoja aje aizindue. Mkubwa hajaja hadi leo. Kabichi inamulikwa usiku kucha, na mwanga unaobaki unamwagika uani kwangu. Zahanati iko nyuma ya kabichi hiyohiyo. Humo mke wangu, Nakiete, alikata roho akimulikwa na simu ya nesi. Mimi niliishia darasa la nne. Labda mipango ya namna hiyo inahitaji shule.

Mimi na Nakiete tulikuwa tukipiga picha galaksi. Mzungu wa misheni alipohama alituachia darubini, kompyuta na kamera isiyojua rangi. Yenyewe ni nyeupe na nyeusi, basi. Ukitaka rangi unaiwekea kioo chekundu, unapiga. Cha kijani, unapiga. Cha buluu, unapiga. Halafu kompyuta inazipika pamoja. Tulikuwa na galaksi yetu moja, imelala ubavu kama kisahani kinachokaushwa, na Nakiete akaiita hivyo, Kisahani. Nyekundu tulipata. Kijani tulipata. Buluu ikakutana na taa ya kabichi, picha ikatoka nyeupe kama uji. Mwenzangu akafa akiulizia buluu yake.

Tena kuna jambo. Kila tukianza, tulipiga kwanza picha ya giza tupu, darubini imefunikwa kwa mfuniko wa sufuria ya ugali, maana kifuniko chake kilipotea. Hapo kompyuta inajua chengachenga zipi ni za kamera yenyewe, inazifuta.

Basi, ndotoni kamera iko mezani kwangu inakunywa chai.

"Mzee, mimi bila giza sifanyi kazi," inasema. "Nenda halmashauri ukaombe."

"Giza linatolewa halmashauri?"

"Kwani zahanati walilipata wapi?"

Navaa koti. Nafungua mlango, na tayari niko kwenye foleni ya halmashauri, ndani ya bomba la darubini. Mbele yangu kwenye benchi amekaa Kisahani mwenyewe, amejikunja asizibe njia.

"Umefika lini, mama?"

"Sasa hivi. Nyumbani niliondoka kabla hamjaumbwa." Anajipepea kwa mkono wake mmoja wa nyota. "Miaka yote hiyo nasafiri niingie kwenye kamera yenu. Wananiambia ofisa yuko semina, nije kesho."

"Kesho ya kwenu au ya kwetu?"

"Hawakusema."

Naitwa. Mtendaji amevaa miwani ya kioo chekundu. Ananitazama, anaivua, anavaa ya kijani, ananitazama tena.

"Sasa mzee, tunakuhitaji na kwa buluu."

"Buluu ndiyo iliyonileta, mheshimiwa. Zimeni taa usiku mmoja tu."

"Mtu mmoja haonekani vizuri. Lazima tukupange."

Anapiga makofi. Wanaingia wazee, wote ni mimi, goti bovu lilelile, wanalaliana juu yangu kama magunia ya viazi. Huyu analia na kabichi, yule na zahanati, wa juu kabisa analia na nesi kukosa hata mshumaa.

"Kilichomo kwa wote tunabakisha," anasema mtendaji. "Kilichomo kwa mmoja ni chenga, tunafuta."

"Na mmebakisha nini?"

"Wote mmesema 'samahani mheshimiwa'. Hiyo tumeipokea."

Kisha ananyoosha kidole nyuma yangu. "Na yule mama? Anaonekana kwa mmoja tu. Chenga. Futa."

Nageuka. Ni Nakiete. Amesimama na mfuniko wa sufuria mkononi, kijivu mwili mzima, kanga yake nayo kijivu. Karani ameshaanza na kitambaa chake, miguu imeondoka hadi magotini.

"Baba Mkunde," ananiambia, "mtu ananifuta hivi nawe unakodoa macho? Shika mfuniko!"

Naudaka. Ofisi haipo tena. Niko njiapanda, nakumbatia nguzo ya taa, napanda. Goti linanitukana kila ninapolikunja. Chini kabichi inaanza kulia.

"Mzee, shuka! Mkubwa akija leo ataniona na nini?"

"Muulize nesi. Anayo simu."

Nikitazama chini, kitambaa kimefika kiunoni mwa mke wangu. Naifunika taa kwa mfuniko.

Giza. Giza zuri, la zamani. Karani anapapasa na kitambaa chake, hajui afute wapi.

"Fyatua, Mama Mkunde!"

"Nimeshafyatua. Wewe ndiye wa kuchelewa, kama kawaida yako. Sasa tulia, usitikise nguzo."

Kisahani anapita juu ya kichwa changu, ameinua pindo la gauni lake. "Hodi," anasema kwenye kamera.

"Karibu, tulikungoja," anajibu Nakiete. Na kanga yake naiona ni ya buluu.

Nikaamka. Kitandani, peke yangu, goti linauma. Mfuniko ulikuwa jikoni kwenye msumari wake. Nikaugusa nikatoa mkono haraka. Ulikuwa wa moto, na mimi jiko sijaliwasha tangu juzi.

Nikafungua kompyuta. Picha moja mpya, ya usiku uleule, ya buluu. Nikazipika tatu pamoja, Kisahani akatokea na rangi zake zote.

Asubuhi mtendaji wa kweli akaja mlangoni, hana miwani ya rangi yoyote, kapandwa na hasira.

"Mzee, taa ilifunikwa jana. Kabichi imekaa gizani! Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Unakiri?"

"Nakiri. Nilikuwa juu ya nguzo. Ila nisaidie wewe mwenye shule, kutoka uani kwangu hadi nguzo ile ni mbali, na humu ndani naishi peke yangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kamera nani aliifyatua?"