Mnyama wa Kizingitini

Bosi wetu tulimwita Bwana Taratibu, maana neno hilo halikumbanduka mdomoni. "Taratibu, binti! Hilo jino limekaa ardhini miaka mingi kuliko ukoo wako wote." Kazi yangu ilikuwa kupiga brashi visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe.

Asubuhi hiyo kizingiti kipya cha stoo kilikuwa na shimo la kiatu katikati ya saruji. Jana yake, saruji ikiwa mbichi, bosi alitangaza: atakayeikanyaga, kazi hana. Na funguo za stoo tunazo wawili tu, mimi na yeye.

"Ni wewe," akasema, bila hata kuinama. "Fundi aje azibe, na wewe mchana ukabidhi funguo."

Kubishana naye ni kujichosha. Nilikumbuka tu alivyotufundisha: kiumbe akifunikwa na tope upesi, nyama inaoza, maji yenye madini yanapenya mfupa tone kwa tone mpaka unakuwa jiwe. Pengine mfupa wenyewe unayeyuka, linabaki tundu lenye umbo lake. Tundu likijaa, unapata nakala. Na pengine mnyama kapita zake tu, kaacha unyayo. "Huo nao ni kisukuku," alipenda kusema, "tena kina umbea kuliko mifupa."

Fundi alifika na karai lake. "Dada, nizibe?"

"Kaka yangu, nipe nusu saa."

Nikapaka shimo mafuta, nikakoroga plasta tunayotumia kwa nakala za nyayo, nikamimina. Nikakaa kusubiri. Kusubiri ndiyo kazi ninayoiweza.

Ilipokauka nikaibandua: soli ya kiatu cha kiume, kisigino kimelika upande, kiraka cha tairi chenye misumari mitatu. Fundi akajiziba mdomo asicheke.

Nikaiweka mezani kwa bosi, na lebo kama alivyonifundisha kuandika: *Aina: nakala ya unyayo. Mnyama: mzito, mkali, huingia stoo watu wakishaondoka. Jina: halijulikani kwa sasa.*

Bwana Taratibu akaisoma. Akainua mguu, akachungulia soli yake, akaushusha taratibu kwelikweli.

"Mnyama huyu... alishatoweka?"

"Yupo, mzee. Ila hajajitokeza."

Akakohoa. "Funguo kaa nazo. Na hapo kwenye jina..."

"Nipaache hivyohivyo?"

"Paache, binti. Paache."

Mlangoni pa stoo, fundi aliyekwisha kuziba shimo akapaza sauti: "Mzee, ukipita hapa, ruka!"