Rangi ya Injini Namba Kumi na Saba

Jamani, ule mlango wa jikoni niliuchukia miaka thelathini! Mume wangu alikuwa fundi rangi kwenye karakana ya reli, na mafundi wa kule walikuwa na tabia moja: rangi ikibaki kwenye kopo, inakuja nyumbani. Nyumba zetu zote zilifanana na mabehewa. Mlango wetu ulikuwa damu ya mzee, rangi ileile ya injini namba kumi na saba, aliyoichanganya mwenyewe kwa jicho. Kipimo hakukiandika popote. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mwaka jana kiharusi kikampiga. Kikamlaza hospitali miezi miwili, kikaondoka na mkono wa kulia na maneno yote. Akili kikamwachia, na hilo ndilo linaloniumiza.

Juzi akaja bwana mmoja wa makumbusho.

"Shikamoo mama. Tunaikarabati namba kumi na saba. Herufi zake tumezipata kwenye picha, ila picha zenyewe ni nyeusi na nyeupe. Rangi anaijua mzee tu. Kesho asubuhi tunaipuliza rangi."

"Marahaba. Mgeni njoo, mwenyeji apone," nikamjibu, na safari hii nilimaanisha. Mzee, ambaye kukaa tu ni mpaka nimwinue, alijiinua mwenyewe akaketi. Alitaka injini yake itoke na rangi yake. Nilimwona usoni, wala hakuhitaji kusema.

Bwana akatandaza vipande vya rangi kitandani, vyote damu ya mzee. Mzee akatikisa kichwa kwa cha kwanza. Cha pili, hapana. Mpaka cha tisa, hapana. Jasho likamtoka. Akainua mkono wa kushoto, akaunyooshea mlango wa jikoni kidole.

"Anataka hewa," bwana akasema, akainuka kuufungua.

"Hewa gani! Hebu kaa chini!" Nikamfokea bure, maskini, kosa si lake.

Mlango ni mweupe. Niliupaka mimi mzee alipokuwa hospitali, ili akirudi akute nyumba inang'aa. Sasa alikuwa anakwaruza hewani kwa kucha, akinitazama. Chini yake, alikuwa anasema. Ipo chini yake.

Kwingine rangi ile haikubaki; nyumba za mafundi wenzake zilishavunjwa zote. Nikachukua kisu nikakwangua, ingawa jibu nilikuwa nalo. Nikakwangua juu, nikakwangua chini, nikakwangua karibu na bawaba. Mbao tupu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha mwaka tuliooana: usipake rangi juu ya rangi, mke wangu, piga msasa kwanza mpaka uone mbao. Nami nilipiga msasa siku tatu, nikajisifu kwa majirani.

Nikakaa pale sakafuni na kisu changu, nikalia.

Bwana akainua kipande cha saba. "Mzee, labda hiki kinakaribia?"

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Hata hakukitazama.