Saa Nzima Bila Sauti

Mwalimu Mektilda alikuwa amefundisha historia miaka ishirini na sita katika chuo chetu hapa Bariadi. Kwenye kikao cha kutathmini ufundishaji wa mtandaoni, kila mhadhiri alitakiwa aeleze alichojifunza. Zamu yake ilipofika, alisema kwa furaha kwamba somo lake la kwanza lilikwenda vizuri, wanafunzi walitulia mno.

Kija, mkuu wa idara, ambaye Mektilda mwenyewe alimfundisha, akawasha projekta na kuonyesha rekodi ya somo lile. Tukamwona mama wa watu akifundisha saa nzima maiki ikiwa imezimwa, akiuliza maswali na kungoja majibu. Pembeni mwa skrini wanafunzi walikuwa wakiandika: “Mwalimu, hatukusikii.” Kisha: “Bibi anatafuna nini?” Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikacheka.

“Siku ile ulikuwemo darasani, Kija?” aliuliza Mektilda.

“Nilikuwemo, mama. Nilitaka kuona utagundua lini.”

Akanigeukia. “Na wewe, Sayi, ulijua?”

Tulikuwa tumekaa ofisi moja miaka tisa. Nikainamisha kichwa.

Wiki hiyohiyo aliomba kustaafu mapema, akarudi kwao Shishiyu. Vipindi vyake nikapewa mimi, na nikavipokea.