Herufi Mbili

Nondo alikuwa ameingiza mikono kwenye tangi la maji hadi juu ya viwiko, anatoa kipande cha tano cha zege kati ya tisa, simu ilipoanza kutetemeka kwenye mfuko wa koti lake la maabara. Aliiacha itetemeke. Vipande vile vilikuwa vimelala majini wiki nne kamili. Leo ndiyo ilikuwa siku ya ishirini na nane, siku ya kuviweka kwenye mashine kimoja kimoja na kusoma vinabeba mzigo gani kabla ya kupasuka. Si jana, si kesho. Kesho vingekuwa mawe ya kuzuilia mlango tu.

"Pokea simu, binti," fundi wa maabara alisema bila kuinua macho kwenye daftari lake. "Hilo zege halina miguu."

Alijifuta mikono kwenye koti. Aliyepiga alikuwa kaka yake mkubwa, na kaka yake hakuwa mtu wa kupiga simu saa moja asubuhi.

"Mdogo wangu, uko wapi?"

"Maabara. Vipi Baba?"

Nyuma ya kaka yake alisikia magurudumu ya kitanda yakipita kwenye sakafu.

"Daktari katuita pembeni. Kasema wa kuitwa waitwe." Alishusha sauti. "Tangu jana hali chakula. Macho hayaoni tena. Masikio yapo, na anakuulizia wewe. Njoo leo. Usiseme Jumatatu."

Basi la kwenda kwao liliondoka mara mbili kwa wiki, na la leo, Ijumaa, lilikuwa la saa kumi na moja jioni. Usiku mmoja na nusu siku njiani, mpaka mmoja wa kuvuka. Nondo angeweza kuwa kando ya kitanda cha baba yake kesho mchana. Alichokosa ni pasipoti. Pasipoti yake ilikuwa Uhamiaji tangu mwezi wa tatu, alipoipeleka ili kibali chake cha mwanafunzi kiongezwe muda. Aliambiwa wiki mbili. Sasa ulikuwa mwezi wa nane.

Alimweleza fundi wa maabara kwa maneno machache. Mzee yule alifunga daftari.

"Nenda. Nitakungoja mpaka saa kumi. Lakini unazijua sheria za idara. Mwanafunzi asipokuwepo akasaini, majibu hayahesabiki."

"Najua."

"Na kumwaga zege upya ni siku nyingine ishirini na nane. Utakuwa umepitwa na tarehe ya kukabidhi mradi. Mwaka mzima huo, binti."

"Najua, mzee wangu."

Jina la Nondo alipewa na wenzake wa mwaka wa kwanza, kwa urefu na wembamba wake, na kwa sababu akisimamishwa kujibu swali darasani alikuwa akishusha nondo tupu, hoja nzito nzito. Kwao chuo chenye uhandisi kilikuwa kimoja, nafasi zake zikagawanywa kabla hata matokeo hayajatoka, ndipo akapata nafasi huku nchi ya jirani. Baba yake alikuwa fundi uashi. Miaka thelathini na moja alichanganya zege kwa koleo, akilipima kwa kulifumbata kiganjani, na miaka hiyo yote vumbi la saruji lilikuwa likishuka kifuani mwake bila yeye kuliona. Mradi wa Nondo ulikuwa wa kupunguza saruji kwenye zege na kujazia majivu ya maganda ya mpunga. Bei ya mfuko wa saruji ilikuwa imepanda mara tatu tangu aanze masomo, na mtaa wa kwao ulikuwa umejaa nyumba zilizoishia kwenye madirisha. Baba alipoelezwa mradi huo kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. "Majivu! Mimi nimefukuza vibarua kwa kuniwekea majivu kwenye zege, leo wewe unapewa digrii." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Pima vizuri, mama."

Saa mbili na nusu Nondo alikuwa Uhamiaji. Watu walikuwa wamekwisha kujaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja ameshika kikaratasi chenye namba. Alipata ya sitini na mbili. Saa nne na robo aliitwa dirisha la tatu.

Afisa wa dirisha lile alikuwa mama wa makamo mwenye sweta la kijivu na miwani iliyofungwa kamba. Nondo alimwamkia, akamweleza. Mama yule alisikiliza hadi mwisho, akasema "pole sana, mwanangu," na ilionekana ameisema kwa moyo. Akainuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na faili.

"Hili faili lako lilirudishwa tangu mwezi wa tano. Hukuambiwa?"

"Kila nikija naambiwa linashughulikiwa."

"Kuna dosari. Tazama. Fomu yako umeandika Uhandisi wa Ujenzi. Barua ya chuo inasema Uhandisi Ujenzi. Hizi ni kozi mbili."

Nondo alidhani anataniwa. Aliinamia kioo. "Mama, ni kozi moja. Hiyo barua imekosa 'wa' tu."

"Kwako wewe. Kwenye mtambo wa kompyuta ni kozi mbili, na mtambo ukikataa mimi nifanyeje? Kalete barua yenye 'wa', nikupitishie leo leo. Ukiwahi."

Alitoka mbio. Pikipiki ilimfikisha chuoni ikiwa karibu saa tano. Ofisi ya wanafunzi wa nje ilikuwa na foleni ndefu na karani mmoja kijana, shati limepigwa pasi likanyooka kama karatasi, anakula karanga kutoka kwenye droo.

"Hiyo barua inatoka kwenye kompyuta hivyo hivyo," alisema. "Wote wa kozi yenu imewatokea bila 'wa'. Na huo mfano wa barua tuliletewa na wao wenyewe Uhamiaji."

"Basi niandikie nyingine, kaka. Herufi mbili tu."

"Siwezi kugusa. Mfano umefungwa. Anayeufungua yuko semina mpaka Jumatano."

"Ongeza kwa kalamu, ugonge muhuri."

"Kalamu!" Karani aliitazama barua kama mtu aliyeambiwa aitemee mate. "Unataka nifukuzwe kazi?"

Nondo alikaza roho asilie. Alisema taratibu, kila neno peke yake: "Kaka, baba yangu anakata roho. Basi linaondoka saa kumi na moja. Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini?"

Kijana aliacha kutafuna. Alitazama mlango, akavuta kibodi, akaanza kuandika barua upya kutoka neno la kwanza, kwa vidole viwili. Ilipotoka kwenye mashine ilikuwa saa saba kasorobo, na ilihitaji saini ya mkuu wa kitivo. Mkuu alikuwa ametoka kwenda kula. Nondo alimsubiri kwenye maegesho ya magari, juani, na aliporudi saa nane alisaini ile barua juu ya boneti ya gari lake. Hakuuliza ni ya nini. Muhuri uligongwa. Neno 'wa' lilikuwepo. Nondo alilitazama njia nzima akiwa nyuma ya pikipiki, ameshika bahasha kwa mikono yote miwili.

Kwenye dirisha la tatu yule mama alimtambua, akampungia apite bila namba. Watu kwenye viti walinung'unika, ila hakuna aliyesimama kumzuia. Afisa alisoma barua, akaweka kidole kwenye lile neno, akaridhika. Aligonga muhuri mmoja, wa pili, akabandika stika, akaandika tarehe. Kisha akachukua pasipoti ya Nondo, akaifunga kwa raba na karatasi ya njano, akaiweka juu ya rundo lililokuwa kwenye meza nyuma yake.

"Bado saini ya mkubwa tu."

"Yuko wapi?"

"Ametoka."

"Anarudi saa ngapi?"

"Akirudi."

Nondo alikaa kiti cha mbele. Kupitia kioo aliiona pasipoti yake, ya bluu, kona moja imechakaa. Ilikuwa hatua nne kutoka pale alipokaa. Saa nane na nusu ikawa saa tisa. Mama mmoja aliyekaa kando yake, naye mgeni wa nchi hiyo, aliyekuja kufuatilia kibali cha mumewe tangu mvua za masika, alimkatia nusu ya chungwa lake. Nondo alilishika tu, maji yakimtiririka kwenye kifundo cha mkono.

Saa tisa na nusu alirudi dirishani.

"Mama, nipe hivyo hivyo. Bila saini. Naenda kwetu, si nakimbia."

Afisa alivua miwani. "Sikiliza, mwanangu. Kibali cha zamani kimekwisha mwezi wa tatu. Nikikupa hii bila saini, mpakani wataona umekaa miezi mitano bila kibali. Watakuweka ndani. Ndio nakulinda hivyo."

"Lakini ninyi ndio mmekaa nayo hiyo miezi mitano."

Mama yule alirudisha miwani machoni, akaanza kupanga mafaili yaliyokuwa yamekwisha kupangwa.

Saa kumi kamili ujumbe uliingia kutoka kwa fundi wa maabara. *Wameniambia nifunge. Nivunje?* Nondo aliandika, *Vunja.* Baada ya nusu saa ukaja mwingine, vipande vyote tisa kwa namba, kimoja baada ya kingine. Kilichopasuka mapema kuliko vyote kilifika nguvu ya ishirini na sita, na iliyotakiwa ilikuwa ishirini na tano. Chini ya namba mzee alikuwa ameandika: *Zege zuri sana binti. Pole.* Kwenye daftari la idara, mahali pa saini ya mwanafunzi, pangebaki peupe, na kwa hesabu za chuo vipande vile havikuwahi kuwepo.

Aliingiwa na hamu ya ghafla ya kumpigia baba yake amsomee namba zile. Kisha akakumbuka kwamba baba hana tena nguvu ya kupokea simu.

Pazia la dirisha la tatu lilivutwa. Mkubwa hakurudi. Mama wa sweta la kijivu alitokea mlango wa pembeni na mkoba wake, akasimama mbele ya Nondo kidogo, akasema, "Jumatatu uje mapema, uniulize mimi," akaondoka akitazama chini. Watu walianza kutoka. Huko stendi basi lilikuwa likipakia mizigo.

Simu ililia. Kaka.

"Umepanda?"

Nondo alilitazama pazia lililofungwa. Kaka yake alisubiri, akaelewa, akavuta pumzi ndefu.

"Basi," alisema. "Basi, mdogo wangu. Ngoja nimwekee simu sikioni. Ongea naye."

Simu ilikwaruza shuka, ikakwaruza shavu. Pumzi ya baba yake ilikuja karibu kabisa, ya juu juu, yenye mluzi ndani yake.

"Nani?"

"Mimi, Baba."

"Aa." Pumzi mbili, tatu. "Umefika?"

Mlinzi alikuwa akizima taa za upande wa pili wa ukumbi, moja moja. Nondo aliinama, akaufunika mdomo wake na simu kwa kiganja.

"Nimefika, Baba."

"Mbona umesimama huko? Sogea."

"Nasogea."

"Kaa hapa. Kitandani. Hakuna kiti."

Nondo alikuwa amekaa, lakini alijisogeza kwenye kile kiti cha plastiki kama mtu anayepewa nafasi na mgonjwa. "Nimekaa, Baba."

"Lete mkono."

Machozi yaliyokuwa yamekataa kutoka mchana kutwa yalitoka yote kwa pamoja, bila sauti. Kule kwenye simu shuka ilikwaruza tena. Kaka yake alikuwa akihama upande wa kitanda, akimpa baba mkono wake mwenyewe. Kisha kikaja kicheko kidogo cha baba, hafifu mno.

"Mkono umekuwa mgumu," alisema. "Wa kazi."

"Ndiyo, Baba."

"Usiende tena."

"Siendi."

Mlinzi alifika, amesimama juu yake na rundo la funguo. "Dada, tunafunga."

Nondo hakuinuka. Alisikiliza ile pumzi ikipanda na kushuka.

"Dada. Nimesema tunafunga. Amka."

Alimnyooshea kiganja, kama mtu anayesimamisha gari barabarani, na hakukishusha. Bado alikuwa ameshika mkono wa baba yake.